Kaa Mbuzi

Mama yangu hana adui duniani isipokuwa dekio lenye mpini mrefu. Watu waliomkosea kawasamehe wote, hata fundi aliyetuwekea sinki la jikoni chini mno, lakini dekio la mpini mrefu hajalisamehe wala hana nia. Kwa maelezo yake, limetengenezwa na mvivu kwa ajili ya wavivu wenzake, ili wapige deki huku wamesimama kama wanasubiri teksi.

Tuna mgahawa Nizwa, si mbali na soko. Mama ndiye mwenye mgahawa na mwenye kauli. Mimi ni bintiye, na naitwa meneja, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kumbembeleza Mama. Wa tatu wetu ni binti wa kaka yangu, msichana mkubwa aliyemaliza chuo, aliyezaliwa hapa hapa Omani, ambaye Kiswahili chake kinatembea kwa kuchechemea. Yeye hupokea wateja, huosha vyombo, na hupiga picha za maandazi kabla hatujaruhusiwa kuyala.

Siku yetu ya mtihani ni Ijumaa. Asubuhi huwa na mnada wa mbuzi sokoni. Wenye mbuzi wanawazungusha kwenye duara, wanunuzi wanawapapasa mbavu na kuwafunua midomo, kelele mpaka kichwa kiume. Wakishamaliza wanakuja kwetu na njaa yao, na vumbi lao, na manyoya yaliyonata kwenye kanzu. Wanakula chapati na mbaazi za nazi, na wakichelewa wanakutana na biriani. Wakiondoka, sakafu yetu ni kama mbuzi nao walikaribishwa.

Hapo ndipo Mama alipokuwa akiingia kazini kwa furaha. Alipiga deki kama alivyofundishwa na bibi yangu Unguja: tambara mkononi, miguu imenyooka kama nguzo, kiuno kimekunjika katikati, anakwenda kinyumenyume kutoka ukutani mpaka mlangoni bila kuinuka. Ukimwambia apumzike kidogo anakwambia deki ya kuinuka-inuka huacha mabaka. Ukimwambia atumie dekio, anakusomea hoja yake kubwa.

"Uchafu uko wapi? Uko chini. Na macho yako yako wapi? Yako juu. Sasa wewe uliyesimama utauonaje?"

Na ukijaribu kumwambia kwamba kuinama vile kutamvunja mgongo, alikuwa na hoja ya pili, ambayo ilimaliza mjadala kila mara. "Huku kuinama ni rukuu. Mgongo sawa, miguu sawa. Lini ibada ikamdhuru mtu?" Hapo hata mimi meneja nilikwenda kuhesabu soda kwenye friji.

Lazima niseme jambo jingine kuhusu Mama, kwa kuwa ndilo lililotufikisha tulikofika. Msikitini, upande wa wanawake, kuna safu ya viti vya plastiki nyuma kabisa, kwa wale ambao magoti au migongo haiwaruhusu kwenda chini. Shoga zake Mama walikuwa wanahamia kule mmoja mmoja. Yeye aliipa safu ile jina, akaiita baraza. "Leo baraza imejaa," atasema akirudi. "Imebaki kahawa tu na karata." Wenyewe walimsikia, na wakamjibu kwamba kiti chake wamekiweka, wanakifuta vumbi kila wiki. Mama akicheka, lakini nyumbani alisema maneno mengine, na aliyasema bila kucheka. "Mie paji langu likikosa pa kugusa, sitajua kama nimesali."

Basi ikaja Ijumaa moja. Sufuria kubwa la biriani lilikuwa ndani ya lile sinki la chini, na Mama amelikunjikia, anakwangua ukoko kwa nguvu kama una deni lake. Alipomaliza akachukua ndoo ya maji machafu, imejaa mpaka ukingoni, akainyanyua kwa mikono iliyonyooka, akageuza kiuno bila kugeuza miguu ili ayamwage kwenye tundu la maji.

Hakupiga kelele. Alisema "Ah," kama mtu aliyekumbuka kitu dukani, akaiacha ndoo ikaanguka. Maji yalitusomba viatu. Alibaki amesimama nusu, mkono mmoja umeshika sinki, uso umebadilika rangi.

"Ya Allah! Bibi, mgongo yako imefanya nini?" mpwa wangu akapiga ukelele.

"Mgongo wako umefanya nini," Mama akasahihisha, macho kafumba.

Tukamkalisha. Alasiri ilipoingia alitaka kusali, na hakutaka msaada. Nyuma ya stoo tuna chumba kidogo tunachosalia, na mlango wake haufungi vizuri, kwa hiyo nilimwona. Alijaribu kwenda chini, akashindwa. Akajaribu tena kwa kushika ukuta, akashindwa. Mwisho akavuta kiti cha plastiki, kile kile wanachokalia wauza mbuzi, akakaa na kuanza upya. Alipofika kwenye sijda aliinamisha kichwa, na paji lake likabaki hewani, halina pa kufikia. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya mitungi ya gesi, nikalia, maana sikuwa nimewahi kumwona Mama akiwa mdogo.

Msikitini hakwenda tena. Shoga zake wakapiga simu kuuliza, akawaambia ana mafua. Mafua yakamkaa wiki nzima, na mgongo umekaza vile vile. Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinifaa. Nikampakia kwenye gari, naye analalamika kila tuta, nikampeleka kwa mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu mwenyewe tulimkuta ni binti wa watu wa Ibra, mji wa huku huku Omani, ambao kabla ya Ibra walikuwa Bujumbura. "Shikamoo, Mama," alisema, na Mama akanawiri pale pale. "Marahaba, mwanangu! Kumbe wetu!" Furaha ile ilidumu mpaka binti alipoanza kazi.

"Sasa Mama, naona tatizo kubwa ni posta."

"Posta?"

"Ndiyo. Posta yako si nzuri. Ukiwa nyumbani labda inakuwa sawa, lakini ukienda kazini posta inaharibika kabisa."

Mama akanigeukia, kwa uangalifu, mwili mzima. "Huyu mtoto barua zangu zinamhusu nini?"

Nilipomaliza kucheka nilimweleza kwamba posta kwa watu wa bara ni mkao wa mwili, namna mtu anavyosimama na kuinama. Binti naye alicheka, akaomba radhi, akatupa kalamu sakafuni na kumwomba Mama amwoneshe jinsi anavyookota. Mama akakunjika kiunoni, miguu nguzo, akafika nusu ya njia na kupiga yowe.

"Magoti, Mama. Kunja magoti, mgongo uache ulivyo. Uzito ubebwe na mapaja."

Mama, jasho likimtoka, akatoa silaha yake. Rukuu, mgongo sawa, miguu sawa, lini ibada ikamdhuru mtu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema kwa upole, "Lakini Mama, kwenye rukuu mtu habebi ndoo."

Nimeishi na hoja ile maisha yangu yote na sijawahi kufikiria jibu hilo. Mama alitazama dari. Hapendi kushindwa, ila jibu likiwa jibu analitambua. Binti akamkanda, akambonyeza, akatuambia kwamba misuli imevutika tu, itapona. Halafu akasema neno ambalo Mama alirudi nalo nyumbani na hakulitoa kinywani siku nzima. "Mazoezi nitakupa, na utarudi sakafuni kwako. Lakini ukiendelea kufanya kazi vile vile, kiti ndicho chako."

Tukaanza mapinduzi jikoni. Mpwa wangu alileta dekio la rangi ya manjano, mpini wake unarefushwa na kufupishwa mpaka umfikie mtu kidevuni, ili asiinamie wala asijinyooshe. Mama akalibatiza jina: Mgeni. "Mgeni kala? Mgeni kalala wapi?" Ndoo tukaamua ijazwe nusu, na hilo nalo likapata neno lake kwa Mama: ndoo nusu, kazi nusu. Ndani ya sinki la yule fundi tuliyemsamehe tukapindua kreti la plastiki, sufuria likae juu yake na mwoshaji asimame wima. Ukoko tukaupa maji ya moto ulale humo wakati sisi tunakunywa chai, na ajabu ni kwamba ukoko uliotesa mabega ya watu kwa miaka ulikuwa unaomba tu kupewa muda. Takataka tukazigawa kwenye mifuko midogo. Sufuria kubwa likawa halinyanyuliwi mpaka wawe wawili, na anayegeuka ageuke kwa miguu, kiuno kifuate.

Mama alitii kama watu wanavyotii taa nyekundu, yaani akiona anatazamwa. Nikigeuka tu nyuma namkuta kakunjika.

"Mama!"

"Naokota."

"Unaokota nini?"

"Tambara."

"Na tambara lilikuwa linafanya nini sakafuni?"

"Muulize Mgeni."

Nikawa nashinda napiga kelele za magoti. Magoti, Mama! Magoti! Wateja wakafikiri ni aina ya chakula. Mama naye akanijibu kwamba anayajua magoti yake kabla sijazaliwa. Ukweli ni kwamba hakujua ayafanye nini. Akiambiwa ayakunje, alikwenda mbele juu ya vidole vya miguu kama mtu anayetafuta kiatu mvunguni, anayumba, mgongo unakunjika vile vile, na kila mara uso unamsawijika. Akimaliza mazoezi ya binti wa posta anajaribu kwenda chini kwenye mswala, halafu namsikia akivuta kiti. Sauti ya miguu ya kiti kile ikiburura sakafuni nilikuwa naichukia kuliko yeye anavyolichukia dekio. Shaabani ilishaanza. Ramadhani ilikuwa njiani inakuja, na tarawehe zake, na baraza ile ya viti inamngoja, wala hakuitaja tena kwa mzaha.

Katika marufuku zangu nilikuwa nimemkataza pia kukuna nazi. Tukapikia ya kopo, ambayo Mama anaiita maji ya chokaa. Mbaazi zikatoka, na mzee mmoja mteja wetu wa kila Ijumaa, aliyezaliwa Mkunazini, Unguja, na kuzeekea Nizwa, akaonja kijiko kimoja, akauliza kwa sauti ya chini nani kafariki.

Ijumaa iliyofuata nikaingia jikoni asubuhi na nikaona msumari mtupu ukutani, pale tunapoitundika mbuzi ya nazi. Nikajua. Nikatoka uani na maneno yangu nimeyapanga mdomoni, makali, yote tayari. Mama alikuwa amesimama juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mbao aliyorithi kwa bibi yangu, ulimi wake wa chuma umeng'aa kwa miaka. Akaitanua miguu yake, mmoja huku, mmoja huku. Akarudisha makalio nyuma. Mgongo ukabaki umenyooka, kifua mbele, na magoti yakakunjika yenyewe, taratibu, mpaka akakaa. Hakushika kitu. Akachukua kizio cha nazi akaanza kukuna.

Maneno yangu yote yalinitoroka.

"Mama. Inuka."

"Nikikuna nakosa, nikiacha nakosa—"

"Inuka, ukae tena."

Akaniangalia kama anayetazama mtu mwenye homa. Akainuka, mapaja yakimsukuma, mgongo wima. Akakaa tena.

"Umeumwa?"

Akafikiri. Akajitikisa kidogo, anatafuta maumivu yalipo. "La," akasema polepole. "Hata."

Nikaikimbilia ndoo, nikaijaza nusu, nikamwekea mbele. "Sasa hii. Usiiname, usikunje magoti, usifanye chochote nilichokuambia. Kaa mbuzi."

Aliitazama ndoo. Akaiweka katikati ya miguu yake, mmoja huku, mmoja huku, akashuka kama anayeikalia mbuzi, akaishika, akaivuta mpaka ikamgusa tumbo, akainuka nayo. Akabaki amesimama uani, ndoo kaikumbatia, nazi imemwagika kwenye kanga.

"Kumbe!" akasema. "Na yule mtoto wa posta si angesema hivo tangu mwanzo?"

Tangu siku hiyo nilipoteza mgonjwa, nikapata mhubiri. Kaa mbuzi kwenye ndoo, kaa mbuzi kwenye gunia la mchele, kaa mbuzi ukitoa treya chini kwenye oveni. Mimi mwenyewe, niliyevumbua neno, nilikaripiwa kwa kuokota kitambaa cha kichwa bila kukaa mbuzi. Alisimama kaunta na kutuangalia migongo kama wale wanunuzi wa sokoni.

Tatizo lilikuwa moja, na hakuna aliyelifikiria. Ijumaa ile ile mgahawa umefurika wauza mbuzi. Mpwa wangu analiendea sufuria la biriani, peke yake, kiuno kinakunjika. Mama kamwona kutoka kaunta. Sauti yake ya Unguja ikapita juu ya vichwa vyote.

"Kaa mbuzi! Kaa mbuzi, we mtoto!"

Wengi hawakuelewa. Ila waliokuwepo wa asili yetu, wenye Kiswahili chao, waliangua kicheko, na mmoja akageuka kutafuta mbuzi gani kaingia. Mpwa wangu aliliacha sufuria palepale, akaingia stoo na kubamiza mlango. Nikamfuata. Macho yalishajaa machozi.

"Wallah, Shangazi, mimi nafanya kazi toka asubuhi, na Bibi ananiita mbuzi mbele ya watu!"

"Hajakuita mbuzi. Kakwambia ukae mbuzi."

"Ya'ni nini nikae mbuzi? Mbuzi anakaaje?" Na kwa hasira akajitupa chini kwa mikono na magoti, abaya yote sakafuni, akanitazama juu. "Hivi? Zein, sawa? Hivi ndio nibebe sufuria?"

Nililazimika kushika magunia ya mchele nisianguke. Nilicheka mpaka yeye naye, bila kupenda, akaanza kucheka pale chini alipo. Nikaenda nikaileta mbuzi ya nazi, nikamwekea mbele ya pua.

"Hii ndiyo mbuzi."

Akaitazama. "Hii? Hii si kiti ya nazi?"

"Kiti cha nazi," Mama akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimwona usoni kwamba imemchoma kidogo. Mjukuu wake kala mbaazi za mbuzi ile tangu hajaota meno, na jina lake halijui. Siku zote alijua mbuzi ni yule wa sokoni mwenye pembe. Mama alimsogelea. Alimpa kizio cha nazi. "Kaa."

Mpwa wangu akakaa, akakuna, akajikwaruza kidole, akakuna tena. Aliposimama alishika miguu. "Bibi, mapaja yangu!"

"Yangu," Mama akaanza, kisha akagundua kwamba safari hii mtoto kapatia. Akakohoa. "Ndiyo. Yaume mapaja. Mapaja yana nyama, yatavumilia. Mgongo una nini? Mifupa tu."

Neno lile lilitoka nje ya mlango wetu pamoja na wateja. Ijumaa moja baada ya hapo nilipita sokoni nikamwona kijana akimpakia dume kubwa kwenye pikapu, na mwenzake anamwambia, kaa mbuzi, bwana, kaa mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa na maoni yake. Binti wa posta alipooneshwa alipiga makofi, akakiri kwamba kwao Bujumbura hawakuwa na kifaa kama kile. "Maskini," Mama akamwambia, kwa huruma ya kweli. Na binti akamwambia kwamba sasa anaweza kujaribu sakafu, polepole, siku atakayojisikia. Mama hakusema ni lini. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Mwisho wa Shaabani tulifunga mgahawa kwa usafi mkubwa wa kabla ya mfungo. Meza tulizisukuma, hatukuzivuta. Viti tukavibeba viwili viwili badala ya mnara. Stoo tuliikung'uta yote, na chumba cha kusalia kikajaa maboksi mpaka dari. Mpwa wangu na mimi tulibadilishana Mgeni, mkono wa kulia ukichoka tunampa wa kushoto, tunageuka kwa miguu. Mama alikaa kaunta, mikono mapajani. Tulipomaliza, sakafu iling'aa mpaka taa za dari zikaonekana ndani yake, na mgongo wangu, kwa mara ya kwanza katika usafi wa Shaabani, haukuwa na la kusema. Nilimtazama Mama kwa ushindi. Hakuniangalia.

Alasiri ikaadhiniwa. Kwa kuwa chumba kimejaa, Mama alitandika mswala wake pale pale ukumbini, kando ya friji la soda. Mpwa wangu akamletea kiti, akakiweka nyuma yake, kama alivyozoea.

"Kiondoe," Mama akasema.

"Mama," nikaanza.

"Kiondoeni, nimesema."

Mpwa wangu akakaa mbuzi bila hata kufikiri, akakibeba kiti mpaka ukutani. Mama akanuia, akaleta takbira. Rukuu yake ilikuwa nzuri, mgongo sawa, miguu sawa, wala habebi ndoo. Halafu akasimama, na nikajua kinachofuata ni kwenda chini. Nilikuwa na udhu wangu na ningepaswa kuwa nyuma yake nasali. Badala yake nilisimama pembeni, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko, magoti nimeyakunja, nimejitayarisha kumdaka. Mpwa wangu alinishika kanga.

Akashuka. Goti moja, la pili, mkono, mkono. Na paji likaenda chini, chini, mpaka likafika.

Alikaa pale kitambo. Niliogopa kwamba kakwama, na niliogopa kumgusa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Kisha akainuka, akaketi, akarudi tena chini, akasimama kwa rakaa ya pili, na ya tatu, na ya nne, kila mara polepole, kila mara anafika. Akasoma tahiyatu yake. Akatoa salamu kulia. Akageuka kushoto, na kichwa kikabaki huko huko kushoto.

"Mama?" Nilidhani shingo imekaza.

Alinyanyua kidole, akaelekeza chini ya friji.

"Punje za biriani," akasema. "Nimeziona nikiwa kwenye sijda. Na ganda la iliki. Na ile kama si kifuniko cha soda, basi mie sioni. Nilisema, au sikusema?"

Nikatazama. Nilipokuwa nimesimama sikuona kitu, sakafu ilikuwa inang'aa kote. Nikapiga magoti. Bado. Mpaka nilipolaza shavu langu chini, karibu na mswala wake, ndipo nilipoziona, zimekauka, zimejipanga huko ndani, biriani ya Ijumaa nyingi. Macho ya Mama yalikuwa mekundu, na kwenye paji lake palikuwa na alama ya nyuzi za mswala. Alionekana mkubwa tena.

"Tambara," akamwambia mpwa wangu, "mletee shangazi yako. Na huyo Mgeni apumzike."

Nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono chini ya friji na tambara, nalia na kucheka kwa pamoja, na Mama ameketi pale pale chini nilipo mimi, hana haraka ya kuinuka, ananielekeza: kushoto. Kushoto zaidi.